Uyoga Mgumu Ubavuni mwa Mwembe

Ukipita chini ya mwembe mzee, inama kidogo utazame pale shina linapozama ardhini. Mara nyingi, upande wa kivuli, utakuta kitu kimejitokeza ubavuni mwa mti: cha nusu duara, kahawia juu, cheupe chini, kigumu kiasi kwamba ukikipiga teke kitakachoumia ni kidole chako. Wapita njia hudhani ni gome lililovimba, au kovu la tawi lililokatwa zamani. Ni uyoga. Hauna kofia laini, hauoti leo ukaoza keshokutwa, na hakuna atakayeupika akautafuna. Lakini ni uyoga kamili, na kwa mti unaoubeba ni habari nzito kuliko yoyote inayosomeka kwenye majani.

Kila masika miti mikubwa huanguka katika miji yetu, juu ya mapaa, magari na nyaya za umeme, na kila mara husikika maneno yale yale: mti ulikuwa mzima, ulikuwa na majani mabichi, upepo ndio ulioung'oa. Nimeyasikia mno maneno haya. Naamini mingi kati ya miti hiyo ilikwisha kutoa taarifa miaka kadhaa kabla, pale chini kwenye shina, kwa yeyote aliyejua anachokitazama. Ndiyo maana nataka msomaji aujue uyoga huu kwa macho, kwa ukucha na kwa kisu.

Uyoga mwingi mgumu wa mashinani ni wa jenasi iitwayo Ganoderma. Jina hilo lilitolewa mwaka 1881 na Petter Adolf Karsten, mtaalamu wa uyoga kutoka Ufini, na aina zake zimeenea kutoka nchi za theluji hadi za ikweta. Kwetu utaukuta kwenye miembe, mikrismasi na migunga, kwenye mashina yaliyo hai na kwenye visiki. Sehemu kubwa ya aina zake hupendelea ukoo wa miti inayotoa maua, ambayo wauza mbao huihesabu kuwa ya mbao ngumu, na ni nadra kuzikuta kwenye misonobari na mitarakwa. Usidanganywe na mvinje wa ufukweni: majani yake yamechongoka mithili ya yale ya msonobari, ila kwa ukoo uko upande mmoja na mwembe.

Anza juu. Bonyeza uso wa uyoga kwa ukucha, utakutana na gamba gumu. Aina nyingine zina gamba lililofifia, la kijivu au kahawia, lenye mikunjo inayozunguka sambamba na ukingo. Nyingine zina gamba jekundu au la hudhurungi linalong'aa hata likiwa kavu, na baadhi yake huwa na kikonyo kifupi kilichoota kando. Ukingo wenyewe, uyoga ukiwa bado unakua, huwa mweupe au wa manjano hafifu na laini kidogo. Uyoga uliokwisha kufa huwa na rangi moja hadi mwisho.

Kisha tazama chini, na hapa ndipo penye ushahidi. Uyoga tunaoupika nyumbani una matamvua chini ya kofia. Huu una vitundu, vidogo mno, kati ya vinne na sita katika kila milimita, kiasi kwamba bila lenzi ya mkono utadhani ni uso uliolainishwa. Chora mstari kwa ncha ya msumari. Ikiwa uyoga ni mbichi na uko hai, weupe ule utageuka kahawia papo hapo chini ya msumari, na mstari hautafutika. Marekani na Ulaya wapo wasanii wanaochora picha nzima za misitu na wanyama kwenye uso huo, kisha wakauacha ukauke, na picha zikadumu miaka mingi. Mwalimu wa sayansi mwenye mwembe mzee shuleni ana somo tayari, na gharama yake ni msumari mmoja.

Ukiruhusiwa na mwenye mti, ukate uyoga vipande viwili kutoka juu hadi chini kwa msumeno. Nyama ya ndani ni kahawia iliyokolea. Chini yake kuna mirija iliyosimama wima, na katika aina zinazoishi miaka mingi mirija hiyo imepangana kwa tabaka, kila msimu wa kukua ukiongeza tabaka jipya chini ya lile la zamani. Katika nchi zenye majira ya baridi mara moja kwa mwaka, watu huhesabu tabaka hizo kukadiria umri. Kwa nchi yenye vuli na masika nisingethubutu kutaja umri wa uyoga kwa hesabu hiyo peke yake.

Alama nyingine ni vumbi. Kwenye majani yaliyoko chini ya uyoga, kwenye utando wa buibui, hata juu ya gamba la uyoga wenyewe, utaona unga wa kahawia mithili ya kakao iliyomwagika. Hizo ni spora, chembe ambazo uyoga huzaliana nazo. Hudondoka kutoka kwenye vile vitundu, zikainuliwa na hewa, na nyingine zikatua juu ya uyoga uliozitoa. A. H. Reginald Buller, Mwingereza aliyetumia maisha yake ya utafiti mjini Winnipeg, Kanada, alikadiria kwamba uyoga mmoja mkubwa wa Ganoderma applanatum hutoa spora kiasi cha bilioni 30 kwa siku, na huendelea hivyo kwa miezi. Karibu zote hupotea. Inayofaulu ni ile inayoangukia kidonda kibichi kwenye mti.

Kama unga hauonekani, weka kipande kibichi juu ya karatasi nyeupe, vitundu vikitazama chini, ukifunike kwa bakuli hadi asubuhi. Alama ya kahawia kwenye karatasi inakupeleka kwa Ganoderma. Alama nyeupe inakupeleka kwingine.

Huko kwingine kuna familia kubwa, na baadhi yake zinafanana na Ganoderma kwa mbali tu. Ule mwembamba, wa rangi ya chungwa iliyoelekea wekundu mkali, unaoota kwenye magogo yaliyokauka juani na nguzo za uzio, ni Trametes sanguinea, ambao vitabu vya zamani huuita Pycnoporus. Huo hula ubao uliokwisha kufa na haupaswi kumtia mtu hofu. Vile vipepeo vidogo vya kijivu vyenye manyoya juu, na chini vina matamvua yaliyopasuka kati kwa urefu, ni Schizophyllum commune. Vile vinavyoteleza na kupinda kwa umbo la sikio ni Auricularia, na watu wa misitu mingi huvila. Kuna jamii ya Hexagonia, yenye vitundu vikubwa unavyoviona bila kuinama.

Unaowasumbua wengi, na haki yao wasumbuke, ni Phellinus. Nao ni mgumu, nao huishi miaka, nao hukaa kwenye shina la mti ulio hai. Gamba lake mara nyingi limeingia weusi na kupasukapasuka, na nyama yake ni ya rangi ya kutu inayoelekea manjano. Tofauti kubwa iko chini: uso wa vitundu vya Phellinus ni kahawia tangu mwanzo, hauna weupe wa kuchorwa. Maabara huongeza kipimo cha tone la potasiamu haidroksaidi, ambalo huigeuza nyama ya Phellinus kuwa nyeusi mara moja. Ni kipimo kizuri kwa kuitenga jamii hiyo na uyoga wa nyama nyeupe, lakini nyama ya Ganoderma nayo imekolea tangu mwanzo, kwa hiyo mimi nauamini zaidi msumari na karatasi kuliko chupa ya dawa.

Hadi hapa mtu yeyote mwenye subira anaweza kufika. Kusema ni Ganoderma ipi ndipo kazi inapokuwa ngumu, na ningependa wanaouza majibu ya haraka wakiri hivyo. G. applanatum na G. australe, kwa mfano, zote mbili ni pana, zimefifia juu, hazina kikonyo, na hubadilika rangi zikichorwa. Wataalamu huzitenganisha kwa hadubini, kwa ukubwa wa spora, na spora zenyewe ndizo sahihi ya jenasi nzima: zina kuta mbili, na ncha moja imekatika butu. Katika nchi za joto jina la australe mara nyingi ndilo linalofaa zaidi, lakini hata hilo limebeba ndani yake aina kadhaa ambazo vinasaba vinazidi kuzitenganisha.

Kwa ukanda wetu kazi ya msingi ipo. Mwaka 1980 Leif Ryvarden na Inger Johansen walichapisha Oslo kitabu kikubwa cha uyoga wenye vitundu wa Afrika Mashariki, chenye funguo za kutambulisha jenasi na aina, wakakiita cha awali, na jina hilo lilikuwa la haki. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Ufini, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania, unaoliwa, unaodhuru na mwingineo, chenye picha na maelezo ambayo mtu asiye mtaalamu anaweza kuyafuata. Nakitamani kitabu cha aina hiyo kwa Kiswahili, kikae kwenye maktaba ya kila chuo cha misitu.

Lazima nigusie biashara ya dawa, kwa kuwa jina la Ganoderma wengi walilisikia kwanza kwenye pakiti ya kahawa au chupa ya vidonge, likiambatana na ahadi za kutibu kisukari, shinikizo la damu na saratani. Uyoga wa Kichina uitwao lingzhi umetumika katika tiba za huko kwa karne nyingi. Kwa muda mrefu uliandikwa kwa jina la G. lucidum, aina iliyoelezwa na Mwingereza William Curtis mwaka 1781, hadi watafiti wa China walipoonyesha kuwa ni aina tofauti na kuupa jina la G. lingzhi mwaka 2012. Fikiri maana yake: uyoga unaolimwa na kuuzwa duniani kote ulikuwa ukienda na jina la mwingine. Sasa mtu anabandua kitu chekundu kinachong'aa kwenye mkrismasi wa barabarani, anakichemsha, anampa mgonjwa, kwa sababu kinafanana na picha ya kwenye pakiti. Kufanana huko hakutoshi hata kidogo. Na hata kwa lingzhi halisi, mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2012, yaliyorejewa 2016, hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuufanya tiba ya kwanza ya saratani. Mapitio mengine ya 2015 kuhusu hatari za moyo kwa wenye kisukari hayakuunga mkono matumizi yake. Mgonjwa aliyeacha dawa za hospitali kwa ajili ya chupa hiyo anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Turudi kwenye mti. Kinachoonekana nje ni tunda tu. Mwili wa uyoga ni nyuzi nyembamba zinazotembea ndani ya ubao, na huweza kutembea miaka kabla ya tunda la kwanza kuchungulia nje. Ubao umejengwa hasa kwa selulosi, ambayo ni nyuzi, na lignini inayozishikamanisha na kuzipa ugumu. Viumbe vinavyoweza kuivunja lignini ni vichache sana, na Ganoderma ni miongoni mwao. Vimeng'enya vyake huimaliza lignini pamoja na selulosi, ubao ukabaki mweupe, mwepesi, wenye kulowa maji, unaobonyea kwa kidole. Huo ndio uozo mweupe. Upo pia uozo wa kahawia, ambapo uyoga wa jamii nyingine hula selulosi na kuiacha lignini, ubao ukakatika vipande vya pembe nne. Ukikuta vipande hivyo, anayekula humo ndani si Ganoderma.

Sasa lile fumbo la mti wa kijani unaoanguka linafumbuka. Kiini cha mti mkubwa ni ubao uliokwisha kufa. Maji hupanda kwa ubao mpya wa nje, chini tu ya gome, na chakula hushuka kwa gome la ndani. Uyoga unaweza kukila kiini chote na majani yasipate habari. Mti utachanua, utazaa maembe, utapukutisha na kuvaa majani mapya. Kinachopungua ni nguvu ya kusimama, na Ganoderma inayoota chini kabisa ya shina mara nyingi imekwisha kushughulikia mizizi mikubwa pia. Mvua za wiki mbili zikilainisha udongo na kusi ikivuma, mti wenye majani mengi mabichi ndio unaobeba upepo mwingi zaidi.

Mwaka 1977 Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alieleza jinsi mti unavyopambana. Mti hauponi kwa kujaza kidonda nyama mpya, hujenga kuta kuzunguka sehemu iliyoharibika na kuendelea kukua nje ya kuta hizo. Ukiachwa kwa amani, huweza kuishi na uozo kwa miongo mingi. Ukijeruhiwa tena, kuta zinabomolewa. Na sisi tunaijeruhi miti yetu kwa bidii. Tunachoma takataka shinani. Tunabandua gome kwa dawa hadi kuuzunguka mti wote. Tunachimba mitaro ya mabomba na kukata mizizi upande mmoja, tunamwaga zege hadi kwenye gome, tunapigilia misumari ya mabango, tunakata matawi makubwa kwa panga na kuacha visiki vilivyochanika. Kisha tunapaka oili chafu tukiamini tumetibu. Oili haizuii uozo, na kubandua uyoga hakuuondoi, kwa kuwa nyuzi zimebaki ndani na tunda jingine litatoka.

Basi, afanyeje aliyeukuta kwenye mwembe wa uani? Kwanza asikimbilie msumeno. Azunguke shina lote, kwani uyoga mmoja upande mmoja ni jambo moja, na uyoga saba kuzunguka kitako ni jambo jingine kabisa. Agonge kwa nyundo ya mbao kuanzia ardhini kupanda, akisikiliza pale sauti inapobadilika kuwa ya uwazi. Atazame kama udongo umeinuka au kupasuka upande mmoja, na kama mti umeanza kuinama hivi karibuni. Claus Mattheck, mwanafizikia wa Ujerumani aliyechunguza miti iliyovunjika, alitoa kipimo kinachotumiwa sana: hatari ya kuvunjika hupanda pale unene wa ubao mzima unaobaki unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya nusu kipenyo. Kwa shina la kipenyo cha sentimita 90, hizo ni kama sentimita 14 za ubao imara kuzunguka pande zote. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu mizizi, na ndiyo sababu Ganoderma ya kitako inadai tahadhari kubwa kuliko uyoga ulioota juu kwenye tawi.

Halafu aulize mti ukianguka utaangukia nini. Mwembe ulio juu ya darasa, kituo cha daladala au kibanda cha mama lishe unahitaji mtu wa misitu aje kabla ya masika, na pengine kupunguzwa matawi au kukatwa. Mwembe ule ule pembezoni mwa shamba unaweza kuachwa uendelee kuzaa. Kukata kila mti wenye uyoga ni kosa kubwa kama lile la kutokutazama, na miji yetu yenye joto haina miti ya kuchezea.

Msituni uyoga huu una kazi nyingine. Miti mikubwa ya mkulo katika Usambara, ambayo Kilimanjaro huitwa mseri, mara nyingi ina kiini kilichooza, kwa uyoga wa aina mbalimbali, na wavuna mbao wa zamani walihesabu hasara. Hondohondo hakuhesabu hivyo. Ndege huyu hawezi kutoboa pango lake mwenyewe kwenye mti mgumu. Anahitaji tundu lililokwisha kufanywa, jike aingie, mlango uzibwe, alishwe na dume kupitia mwanya mwembamba hadi makinda yakue. Nyuki, bundi na popo nao wanapanga humo. Ukiondoa uozo wote msituni, umewafukuza wapangaji wote.

Huko kwenye milima ya Virunga, Dian Fossey, mtafiti wa gorila aliyeanzisha kambi ya Karisoke nchini Rwanda mwaka 1967, aliandika katika kitabu chake cha 1983 kwamba gorila wa milimani wanauthamini sana uyoga huu, na akautaja kwa jina la Ganoderma applanatum. Vijana wasio na nguvu ya kuung'oa hulikumbatia shina kwa mikono na miguu wakaguguna papo hapo. Wakubwa wanaofaulu kuung'oa huondoka nao mbali, wakiulinda. Ugomvi huzuka, na mara kadhaa humalizwa na dume mkuu kwa kuuchukua yeye. Kwa watu ni ubao usiolika; kwa gorila ni kitu cha kugombania, na kwa kuwa ni haba, kundi zima hujua nani anao.

Jambo moja zaidi kwa wanaotembea porini. Vitundu vya uyoga huu lazima vitazame ardhini, vinginevyo spora hazidondoki. Mti ukianguka, uyoga ulio hai huanza kukua upya kwa pembe nyingine, ukirudisha vitundu chini. Kwa hiyo kwenye gogo lililolala unaweza kusoma mfuatano wa mambo: uyoga uliosimama kombo kwa ukuta wa gogo uliota mti ukiwa wima, na ule uliolala sambamba na ardhi uliota baada ya mti kuanguka. Ukikuta mmoja wenye sehemu zote mbili, uliishi kabla na baada.

Ukitaka jina kamili la ulichokiona, upige picha juu, chini na ulipoota. Andika siku hiyo hiyo jina la mti, kama uko hai au umekufa, kimo kutoka ardhini, mahali na tarehe, kwa maana uyoga usio na jina la mti wake ni nusu ya ushahidi. Ukaushe juani au karibu na jiko la moto mdogo hadi uwe mkavu kabisa, uuweke kwenye mfuko wa karatasi, kamwe usiwe wa plastiki. Hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inatunza mimea na uyoga wa Tanzania. Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani mwaka 1902 na sasa iko katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya mjini Nairobi, inatunza mikusanyo ya ukanda mzima. Kipande kimoja kikavu chenye maelezo mazuri, kutoka wilaya ambayo hakuna aliyewahi kukusanya, kinaweza kuwa cha thamani kuliko gunia la vipande visivyo na karatasi.